Kitanda cha boti ya maboya, Bwawa la Mtera: shajara ya mradi

9 Septemba. Tunainua nini, na wapi

Boti yetu ni ya maboya mawili ya alumini yenye sitaha ya mbao juu, turubai la kivuli, viti vya kukunja na injini ya nguvu farasi 40. Urefu mita 6.7, kila boya lina kipenyo cha sentimita 58, na bati la boya lina unene wa milimita 2 tu. Kazi yake ni kutembeza wageni wanaokuja Mtera kuangalia ndege na viboko. Mpaka leo ikimaliza kazi inasukumwa ufukoni na kuachwa pale. Upepo wa mchana ukianza, mawimbi yanaisugua juu ya changarawe hadi jioni, na ukanda wa chini wa boya la kushoto umeshaanza kulika. Tunahitaji kitu cha kuitoa majini na kuikalisha juu.

Anayetaka kuiga kazi hii aanze na maji kabla ya boti. Bwawa la Mtera lilijengwa kwenye Ruaha Mkuu ili kulihifadhia maji bwawa la Kidatu lililo chini yake, na lina mitambo yake ya megawati 80. Maji yanapanda na mvua na kushuka kadiri mitambo inavyoyatumia. Usawa wa juu ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, wa chini kabisa wa kuzalisha umeme ni mita 690. Hiyo ni tofauti ya mita 8.5, ghorofa mbili na nusu hivi. Ukisimika nguzo zako mwezi wa tano, mwezi wa kumi na moja zitakuwa zimesimama kwenye vumbi na mbuzi wanajikuna.

21 Septemba. Mteremko

Tumepima kwa bomba la maji la mafundi waashi, lile la plastiki linaloonyesha usawa pande mbili. Msimu huu ndio wa kupima, kwa sababu ardhi ambayo baadaye itakuwa chini ya maji sasa iko wazi.

Sehemu ya kwanza ni karibu na mwalo wa wavuvi. Pazuri kwa macho, gari linafika, kivuli kipo. Mteremko wake ni mita 1 kwa kila mita 40. Zidisha kwa 8.5: maji yakishuka kabisa, ukingo unahama mita 340. Tumepaacha.

Sehemu ya pili ni ya mawe, kilima kinaingia bwawani moja kwa moja, mteremko 1 kwa 9. Hapo ukingo unahama mita 77 hivi kati ya maji mengi na maji machache. Tatizo ni barabara, inabidi kuzunguka na kufyeka miiba. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anashona nyavu alituangalia tukibishana, akauliza, "Vijana, mmeangalia njia ya kiboko?" Hatukuwa tumeangalia. Akatupeleka hatua kama thelathini upande wa mashariki, akatuonyesha mfereji uliokanyagwa hadi ukawa laini, mavi yametapakaa kwenye vichaka pande zote. Kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni na hupenda kurudia njia ileile. Chochote utakachoweka juu ya njia hiyo, asubuhi utakikuta kando, kimepinda. Tumesogea magharibi ya mawe makubwa. Shikamoo mzee.

6 Oktoba. Uzito

Kila anayeuza kifaa cha kuinulia boti anauliza uzito, na karatasi ya boti inataja uzito wa boti tupu, bila injini wala chochote. Tulipakia boti kwenye Fuso na kupita mizani: lori likiwa na boti kilo 5,080, lori peke yake 4,160. Kwa hiyo boti na injini ni kilo 920. Ongeza petroli lita 60 (kilo 44 hivi), betri, nanga, majaketi ya kuokolea, sanduku la barafu na turubai lililobaki kambini. Tumefika 1,050.

Halafu kuna maji yaliyojificha. Boya likivuja kidogo hubeba maji ndani na huwezi kuyaona. Lita moja kilo moja. Ndiyo maana watu wa kazi hii huongeza robo juu ya hesabu, nasi tumeongeza: tunatafuta kitu cha kubeba kilo 1,300.

27 Oktoba. Vinyanyuzi tulivyovikataa

Nafupisha, maana mjadala huu ulikula jioni nyingi pale Dodoma mjini.

Cha nguzo nne na waya, kinachoinua boti wima kama lifti, ndicho kinachoonekana sana kwenye picha za maziwa ya Marekani. Kinainua mita moja na kitu, maji yakiwa tulivu na kina kikibaki kilekile. Hapa hakifai. Cha miguu inayolala na kusimama kinataka kina kidogo zaidi, na bado kinakaa pale kilipowekwa. Cha kuelea, chenye matangi yanayojazwa hewa, kingefuata maji popote yaendapo. Hicho ndicho tulichokitamani, hadi tulipopiga hesabu ya kukiagiza, kukitoa bandarini na kukipatia umeme wa kuendesha feni yake mahali pasipo na nguzo ya umeme.

Na kuna sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, mabwawa na maziwa. Zege na reli za kudumu hatukutaka hata kuziwazia.

Kilichobaki ni toroli: kitanda chenye magurudumu, kinaingia majini, boti inakalia juu yake, winchi inavuta vyote nchi kavu. Maji yakihama, nacho kinahama. Swali sasa ni boti itakalia nini.

18 Novemba. Tandiko la kwanza: boriti mbili za kukingama

Naita tandiko ile sehemu inayogusa boti. Fundi wa kuchomelea alipendekeza njia rahisi: chaneli mbili (vyuma vyenye umbo la U) zinazopita chini ya maboya yote mawili, moja mbele, moja nyuma, juu yake mbao. Tulijaribia nchi kavu kambini, boti ikashushwa polepole kwa cheni bloku (mnyororo wa kuinulia mizigo kwa mkono).

Boriti ya mbele ilikaa vizuri. Ya nyuma, baada ya usiku mmoja, ilikuwa imelibonyeza boya la kulia. Bonde lenyewe ni dogo, ukipitisha kiganja unalihisi kabla hujaliona, upana wa vidole vinne, limejikunja kuelekea ndani. Sababu yake ndiyo somo zima la matandiko. Boya si bomba tupu toka mwanzo hadi mwisho. Ndani lina kuta zinazoligawa vyumba, ili likitoboka sehemu moja lisijae lote. Penye ukuta boya ni gumu. Katikati ya vyumba ni bati la milimita 2 na hewa. Boriti ya mbele ilibahatika kuangukia ukuta, ya nyuma ikaangukia hewani, tena upande wenye injini na tangi la petroli.

Kuta huzioni kwa nje ila kwa mstari mwembamba wa kulehemu, na kwenye boya letu rangi imeuficha. Tulizitafuta kwa nyundo ya mbao, ukigonga taratibu toka mbele kurudi nyuma. Chumba kinalia *duu*, ukuta unajibu *tak*. Tumeziwekea alama za chaki, kisha rangi.

Bonde tumeliacha. Halivuji, na kulivuta kunahitaji kulikata boya.

25 Novemba. Chini au katikati?

Njia ya pili ni kuiinua boti kwa sitaha: matandiko yanapita katikati ya maboya na kubeba vyuma vya kukingama vilivyo chini ya sitaha, maboya yananing'inia hewani. Ina faida za kweli. Maboya yanakauka, unayasafisha mwani kwa urahisi, hayaguswi na mchanga. Boti nyingi zenye vyuma vizito vya kukingama zinakaa hivyo bila shida.

Ya kwetu haikukubali. Vyuma vyake ni vyembamba, na ukiibeba kwa sitaha uzito wa maboya yenyewe unaning'inia kwenye vibano vilivyolehemewa juu yake. Lita mia za maji yaliyovujia ndani zingening'inia hapohapo pia. Isitoshe, boti ingekaa juu zaidi, na juu ndipo upepo wa Dodoma unapoikamata. Anayetaka njia hii aangalie kwanza chini ya sitaha yake: kama kuna bati la kufunika, mabomba ya petroli au nyaya, tandiko litakalia hivyo vyote kabla halijafika kwenye chuma.

Tumeamua: tandiko moja refu chini ya kila boya, likifuata ukanda mnene wa chini, mita 5, ili likatize kuta zote. Wapo wanaotumia mbao mbili kwa kila boya zikitengeneza umbo la V. Zinaiweka boti katikati bila shida, lakini zinabana ubavu ambao ni bati tupu, na ukanda mnene unabaki haujabeba kitu.

12 Desemba. Mbao ya kijani

Tulipewa bure vipande vya nguzo za umeme, zile za kijani zinazotoka Mufindi. Bure ina raha yake. Vilipasuliwa, vikapigwa randa, boti ikakaa juu yake kambini, nasi tukaendelea na shughuli nyingine. Mvua za kwanza zikanyesha.

Tulipoiinua kuangalia, ukanda wa chini ulikuwa na unga mweupe kama chokaa ya kupaka ukuta, na chini ya unga vishimo vidogo vya ncha ya pini. Dawa ya nguzo hizo ina shaba ndani yake. Shaba na alumini zikikutana kwenye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Haihitaji maji ya chumvi, unyevu wa mbao unatosha. Mbao hiyo kwenye boti ya mbao au ya faiba haina neno. Kwenye alumini iondoe leo.

Tulisugua kwa brashi ya nailoni (brashi ya waya wa chuma inaacha chembe zake, nazo zinaanza ugomvi mwingine), tukaosha, tukapaka praima ya alumini. Tandiko jipya ni mninga mkavu, haujatiwa dawa, inchi 2 kwa 6. Ghali, ila mchwa hawaupendi sana na hauozi upesi.

15 Januari. Toroli lenyewe

Fremu ni chaneli za inchi 4, imechomelewa na kupigwa gusi (kipande cha bati cha kuimarisha) kila kona. Ekseli mbili za trela kuukuu, matairi manne mapana. Matandiko yamefungwa kwa bolti zilizozamishwa vichwa, hakuna chuma kinachogusa boya. Rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Toroli tupu lina kilo kama 430.

Kuhusu kitu cha kufunikia mbao tulijaribu viwili. Zulia ndilo linalotumika kwingi, na kwetu lilishindwa: linanyonya maji, halikauki, na mchanga wa Mtera unajaa kwenye nyuzi zake mpaka linakuwa msasa. Tulichokipenda ni bomba jeusi la maji la plastiki, la inchi 4, lililopasuliwa kwa urefu na kufunguliwa juani hadi likalala. Halinyonyi maji, mchanga unateleza na kuondoka. Limefungwa kwa vipande vya nusu mita, na nafasi ya kidole kati ya kipande na kipande ili maji yatoke.

Beringi tumezitoa. Toroli linalokwenda mwendo wa kobe na kuzama kila siku halina haja nazo. Zinanyonya maji na kushika kutu ndani ya msimu. Fundi amechonga bushi za nailoni, na kila ekseli ina chuchu ya grisi. Grisi inapigwa kila likitoka majini, mpaka ile ya zamani ionekane ikichungulia pembeni.

3 Februari. Winchi na nanga yake

Boti kilo 1,050 na toroli 430 ni kilo 1,480. Kwenye mteremko wa 1 kwa 9, mvuto wa mteremko ni kama kilo 165. Magurudumu kwenye mchanga yanaongeza, tumekadiria moja ya tano ya uzito, kilo 300. Jumla haifiki kilo 500. Winchi ya kawaida ya tani moja inatosha kwa nguvu, ila ngoma yake haibebi waya wa mita 80. Tumenunua ile ya mpini ambayo waya unapita ndani yake na kutokea upande wa pili, kwa hiyo urefu hauna mwisho. Ni polepole mno. Watu wawili wanapokezana na bado unapata muda wa kusimulia habari za kijiji kizima.

Maji yakiwa juu tunaifunga winchi kwenye mbuyu, kwa mkanda mpana wa nailoni. Waya usizungushe kwenye mbuyu, unakata gome laini na mti unaumia bure. Maji yakiwa chini mbuyu uko mbali, basi tunachimba mtaro wa mita moja kwenda chini, tunalaza gogo, mnyororo unatoka juu kwa mshazari, tunafukia. Maji yakipanda tunalifukua.

2 Machi. Kuelea na kuteleza

Maji yamepanda, jaribio la kwanza la kweli, na mambo mawili yalitokea asubuhi moja.

La kwanza: toroli lilikataa kutulia chini. Matairi manne yaliyojaa hewa, mbao za mninga na bomba za chuma za skwea (za mraba) zilizozibwa ncha vyote vinataka kuelea. Halikuelea kabisa, lakini lilikuwa jepesi kiasi kwamba boti ilipoligusa kidogo, likazunguka na kukaa mshazari. Dawa yake: bomba za skwea zimetobolewa juu na chini ili maji yaingie na kutoka, na matairi yamejazwa maji badala ya hewa, kama wanavyofanya watu wa matrekta. Sasa linakaa.

La pili lilikuwa la hatari. Plastiki ile tuliyoisifia haishiki boti. Toroli likiwa limeshatoka nusu, mkanda wa mbele ulilegea kwenye ndoana, na boti ikateleza kinyumenyume kurudi bwawani, kimya, bila hata kukwaruza. Hakuna aliyekuwa nyuma, na ndiyo kanuni iliyobaki: nyuma ya boti hasimami mtu. Tumeongeza kizuizi cha mbele chenye mpira, mkanda wa pili wa ratcheti, na mnyororo mfupi wa usalama. Mita moja ya mwisho ya tandiko, upande wa mbele, tumeifunika kwa mpira wa konveya kuukuu badala ya plastiki, ili boti iteleze ikiingia na ishikwe ikifika.

20 Aprili. Miti ya kuongoza

Mtera kuna mamba. Hatutaki mtu aingie majini zaidi ya magoti, na jioni asiingie kabisa. Kwa hiyo boti lazima ijipange yenyewe juu ya tandiko.

Bomba nne za chuma za inchi moja na nusu zimesimama pembeni mwa toroli, kila moja imevishwa bomba la plastiki linalozunguka, boya likiligusa linabingirika badala ya kukwaruza. Nafasi kati ya bomba na boya ni sentimita 5 kila upande. Tulianza na 2, na upepo mdogo tu ukaibana boti nusu njia.

Kwenye bomba za nyuma kuna mstari mwekundu. Boti inazama sentimita 35, tandiko liko sentimita 45 toka ardhini, tumeongeza 15 za usalama: mstari uko kwenye sentimita 95. Maji yakifika hapo, winchi inasimama, boti inaweza kuingia. Huna haja ya kuingiza mti wala mtu kupima.

Kazi inafanyika kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo upepo wa mashariki unaanza, na turubai la kivuli linageuka tanga. Tukilazimika kuitoa mchana, turubai linakunjwa kwanza.

8 Juni. Ilipofikia na ilichokula

Maji yameanza kurudi nyuma. Chini ya mawe kuna kipande cha tope jeusi ambacho mwaka jana kilikuwa kikavu tulipopima, na magurudumu yamezama humo hadi kwenye rimu. Tumetengeneza njia mbili za mbao zilizounganishwa kwa kamba, zinatandikwa mbele ya magurudumu na kuondolewa. Zinasaidia, ila matairi yenye maji ni mazito kuliko yenye hewa, na hapo faida ya mwezi wa tatu inadaiwa.

Gharama, kwa shilingi: chaneli na bomba 980,000, ekseli na matairi kuukuu 420,000, mninga 310,000, bomba la plastiki, mpira wa konveya na bolti 165,000, winchi iliyotumika pamoja na waya 720,000, mikanda na minyororo 140,000, rangi, praima na grisi 95,000, fundi 450,000, usafiri wa lori na cheni bloku ya kukodi 280,000. Jumla 3,560,000. Ndani yake kuna kama 200,000 za zulia, boriti za kwanza na kupasua zile nguzo za bure, ambazo anayeanza leo hatazihitaji.

Boya la kulia na bonde lake halijabadilika. Vishimo vya pini havijaongezeka chini ya praima, tunavikagua kila boti ikipanda. Waya una nyuzi tatu zilizokatika karibu na ndoana. Kipande hicho kitakatwa na ncha kufungwa upya kabla gogo halijafukiwa pale chini.